Jina Lisilotajwa: Staha ya Kiisimu katika Nyanda za Juu Kusini kwa Kulinganishwa na Keigo ya Kijapani

Ikisiri

Mijadala ya staha ya kiisimu imeutumia mno mfumo wa maneno ya heshima wa Kijapani, yaani keigo, kama kipimo cha nadharia. Makala haya yanauweka mfumo huo kando ya mifumo miwili ya Nyanda za Juu Kusini za Tanzania: matumizi ya nafsi ya wingi katika salamu, na ingamwana, desturi ya Wanyakyusa inayomkataza mke kulitamka jina la baba mkwe wake pamoja na maneno yanayofanana nalo. Makala yanaonesha kwamba ingamwana, kama keigo, ni staha ya wajibu kuliko ya mkakati. Lakini tofauti na keigo, haibadiliki kwa kumtazama mzungumziwa, na gharama yake humwangukia mtu mmoja tu. Mwisho, makala yanajadili kinachotokea pale mfumo huo unapokutana na Kiswahili na fomu ya majina matatu.

1.0 Utangulizi

Mama aliyeolewa katika ukoo wa Kinyakyusa anafika mbele ya karani kumwandikisha mtoto wake shule. Karani anauliza kwa Kiswahili jina kamili la mtoto, naye anatarajia majina matatu: la mtoto, la baba yake, na la babu au la ukoo. Kwa karani hilo ni swali jepesi kuliko yote yaliyomo katika fomu. Kwa mama aliyelelewa katika desturi ya ingamwana, jina la tatu huenda likawa ndilo hasa asiloruhusiwa kulitamka. Akinyamaza, au akimsukuma mtoto alitaje mwenyewe, karani asiyeijua desturi anaweza kudhani kwamba mama hajui jina la ukoo wa mwanawe, au kwamba ana jambo analolificha. Ukimya uliokuwa heshima kamili katika lugha moja umegeuka dosari katika lugha nyingine.

Tukio la namna hii linaibua maswali mawili. La kwanza ni la kinadharia: je, staha ya aina hii inaelezeka kwa nadharia zilizozoeleka katika pragmatiki? La pili ni la kijamii: lugha mbili zenye sarufi tofauti ya heshima zinapokaa katika kinywa kimoja, ni nani anayebeba uzito wa tofauti hiyo? Kijapani kimechaguliwa kuwa kilinganishi kwa sababu ndicho kilichowalazimisha wananadharia kuyapitia upya madai yao kuhusu umajumui wa staha.

Eneo linalohusika ni la Mbeya na Iringa kwa maana yao pana ya kihistoria, kabla Mkoa wa Njombe haujamegwa kutoka Iringa mwaka 2012 na Mkoa wa Songwe kutoka Mbeya mwaka 2016. Humo huzungumzwa Kinyakyusa, Kisafwa, Kindali, Kinyiha, Kimalila, Kisangu, Kihehe, Kibena, Kikinga na lugha nyingine za Kibantu. Lugha hizi zote huishi pamoja na Kiswahili, ambacho ni lugha ya shule ya msingi, ya soko na ya ofisi.

2.0 Misingi ya Nadharia

Nadharia iliyotumika zaidi ni ya Brown na Levinson (1987), ambayo msingi wake ni dhana ya uso. Kila mzungumzaji ana uso chanya, yaani haja ya kukubalika, na uso hasi, yaani haja ya kutoingiliwa. Matendo mengi ya lugha, kama vile kuomba, kukataa au kukosoa, huutishia uso wa mwingine. Kwa hiyo mzungumzaji hupima umbali wa kijamii, tofauti ya mamlaka na uzito wa tendo lenyewe, kisha huchagua mkakati unaofaa. Katika mtazamo huu staha ni hesabu inayofanywa na mtu mwenye hiari.

Upinzani mkubwa ulitoka kwa wanaisimu wa Kijapani. Matsumoto (1988) alionesha kwamba hata sentensi isiyotishia uso wa yeyote, kwa mfano ile isemayo kwamba leo ni Jumamosi, haiwezi kusemwa kwa Kijapani bila kuchagua umbo linaloonesha uhusiano wa mzungumzaji na mzungumziwa. Hakuna umbo lisiloegemea upande. Ide (1989) naye alitenganisha staha ya hiari na staha ya wakimae, yaani kuijua nafasi yako na kusema inavyopasa. Katika wakimae mzungumzaji hatafuti faida. Anakiri mpangilio wa jamii uliokuwapo kabla hajafungua kinywa.

Msingi wa tatu ni uainishaji wa mihimili ya heshima uliopendekezwa na Comrie (1976). Heshima ya kiisimu inaweza kumwelekea mzungumziwa, yaani anayeambiwa. Mtajwa, yaani anayesemwa. Au msikilizaji wa kando, yaani aliyepo bila kuambiwa wala kusemwa. Mfano maarufu wa mhimili wa tatu ni Kidyirbal cha Australia, ambacho Dixon (1972) alieleza kuwa kilikuwa na msamiati maalumu uliotumika pale mkwe wa kuepukwa alipokuwa karibu. Uainishaji huu ndio utakaotumika kupima data za Nyanda za Juu Kusini.

3.0 Keigo: Heshima Iliyomo katika Kitenzi

Kwa desturi keigo hugawanywa katika mafungu matatu. Sonkeigo humpandisha mtajwa. Kenjogo humshusha mzungumzaji au watu wa upande wake. Teineigo humwelekea mzungumziwa. Mwaka 2007 Baraza la Masuala ya Utamaduni la Japani lilitoa mwongozo uliopanua mafungu hayo kuwa matano: liliigawa kenjogo mara mbili na kuiweka kando lugha ya kupamba nomino.

Utendaji wake unaonekana katika kitenzi cha kuja. Umbo la kawaida ni kuru. Mwalimu anapokuja, wanafunzi wawili marafiki wanaweza kuambiana sensei ga irassharu: kitenzi kimempandisha mwalimu anayetajwa, lakini hakina alama yoyote ya heshima kwa rafiki anayeambiwa. Mmoja wao akimwambia mkuu wa shule jambo hilohilo, atasema sensei ga irasshaimasu: umbo la -masu limeongezwa kwa ajili ya anayeambiwa. Akijisemea yeye mwenyewe kwamba anakuja, atatumia mairimasu, kitenzi cha kujishusha. Mhimili wa mtajwa na mhimili wa mzungumziwa vimetengana kimofolojia, na vinaweza kukutana katika neno moja.

Sifa ya pili ni uhusianifu. Jamii hugawanywa kuwa uchi, yaani wa ndani, na soto, yaani wa nje. Mfanyakazi humtaja meneja wake kwa heshima anapozungumza na wenzake kazini. Lakini mteja wa nje akipiga simu kumuulizia meneja huyohuyo, mfanyakazi atasema Tanaka wa ima orimasen, kwamba Tanaka hayupo sasa, bila kiambishi cha heshima kwenye jina na kwa kitenzi cha kushusha. Mbele ya mgeni, mkubwa wa ndani hushushwa pamoja na wadogo zake. Kikorea, ambacho nacho kina mfumo mpana wa heshima, kwa desturi hakikufuata njia hiyo: mkubwa wa mzungumzaji hubaki mkubwa hata mbele ya mgeni. Tofauti hii kati ya heshima husianifu na heshima mutlaki itakuwa muhimu katika kuielewa ingamwana.

4.0 Salamu na Nafsi ya Wingi

Staha ya kisarufi iliyo dhahiri zaidi katika Nyanda za Juu Kusini imo katika salamu. Kinyakyusa humsalimu rika au mdogo kwa ugonile, na mkubwa au watu wengi kwa mugonile. Mzizi ni -gon-, wa kitenzi cha kulala. -Ile ni alama ya hali timilifu. Tofauti yote imo katika kiambishi nafsi, u- dhidi ya mu-. Salamu ya Wasafwa, mwagona, imejengwa kwa mzizi huohuo na kwa nafsi ya wingi. Iringa na Njombe, kamwene ya Wahehe na Wabena imevuka mipaka ya lugha hizo na kuwa kitambulisho cha watu wa eneo zima.

Matumizi ya wingi kwa mtu mmoja si ya eneo hili pekee. Brown na Gilman (1960) waliyaeleza kwa lugha za Ulaya kwa kutumia dhana za mamlaka na mshikamano. Na katika Kibantu, Kibemba cha Zambia na Kichewa cha Malawi, ambazo ni nchi zinazopakana na Mbeya, huutumia wingi kwa heshima. Kwa mihimili ya Comrie, mugonile iko kwenye mhimili wa mzungumziwa: humheshimu anayeambiwa, wala haisemi lolote kuhusu mtu mwingine.

Kiswahili sanifu hakikuifuata njia hii. Leo ni Jumamosi husemwa vilevile kwa mtoto na kwa rais. Heshima ya Kiswahili hubebwa na vipashio vinavyozunguka sentensi. Kwanza ni salamu: shikamoo, ambayo kwa kawaida huelezwa kuwa ufupisho wa nashika miguu yako, pamoja na jibu lake marahaba. Pili ni majina ya ujamaa yanayowafunika hata wasio ndugu: baba, mama, babu, shangazi, kaka, dada. Tatu ni vyeo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, ndugu lilikuwa neno rasmi la kuitana katika chama na serikali, likidai usawa. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992, mheshimiwa likapanua eneo lake. Nne ni namna ya kuomba: naomba maji badala ya nipe maji. Mwenye kuyakosa haya huonekana hana adabu, kama Yahya-Othman (1995) alivyoonesha kuhusu salamu; hata hivyo, kitenzi chake kitakuwa hakijavunja kanuni yoyote ya sarufi.

Hapa hutokea mgongano mdogo wenye maana. Mzungumzaji ambaye lugha yake ya kwanza ni Kinyakyusa huweza kumwambia mzee mmoja mmeamkaje, akiuhamishia wingi wa heshima katika Kiswahili. Msikilizaji kutoka pwani atauelewa kuwa wingi wa idadi: ameulizwa yeye na watu wa nyumbani kwake. Heshima imetumwa lakini haikupokelewa. Kilichopokelewa ni ukarimu. Kosa hili halimuumizi mtu. Ingamwana ni suala jingine.

5.0 Ingamwana: Heshima kwa Kutotamka

Maisha ya Wanyakyusa yalielezwa kwa kina na Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Rungwe kati ya 1934 na 1938. Kitabu cha Monica Wilson cha 1951 kuhusu vijiji vya rika, Good Company, kinaeleza jamii ambayo vijana wa kiume walijenga kijiji chao mbali na baba zao. Ndani ya kijiji cha rika thamani kuu ilikuwa ukwangala, yaani kufurahia kuwa pamoja, kula pamoja na kuzungumza kwa uhuru. Kati ya mke wa mwana na baba mkwe kanuni ilikuwa kinyume kabisa: kutokutana, kutotazamana, kutosemeshana. Wilson aliuona mtengano huo wa vizazi kuwa na uhusiano na mpangilio wenyewe wa vijiji.

Ingamwana ina sura ya kimwili na sura ya kiisimu. Kwa sura ya kimwili, mke huepuka njia na macho ya baba mkwe na ya wale wanaohesabiwa kuwa baba wa mume wake. Kwa sura ya kiisimu, halitamki jina lake, na katazo huenea hadi kwenye maneno ya kawaida yanayofanana na jina hilo kwa sauti. Badala ya maneno hayo hutumia mengine.

Ugumu wa kanuni hii unaonekana ikihamishwa, kwa mfano wa kubuni, katika Kiswahili. Mke ambaye baba mkwe wake anaitwa Moto hawezi kusema moto uwashwe. Atahitaji neno jingine: ama kisawe, ama maelezo kama kile cha kupikia, ama neno la kuazima kutoka lugha jirani. Katazo likivuka neno zima na kuigusa silabi, huenda akaona haya hata kutamka motomoto au mto. Jirani yake, ambaye baba mkwe wake ana jina jingine, atasema moto bila wasiwasi lakini atakwama penginepo. Kila mke anabeba orodha yake.

Desturi za aina hii zinajulikana penginepo Afrika. Ukuhlonipha ya Wazulu na Waxhosa ndiyo iliyoandikwa zaidi, na watafiti wameihusisha na kuingia kwa sauti za vidoko katika lugha za Kinguni kutoka lugha za Kikhoisani: sauti ngeni zilitoa njia rahisi ya kulibadili neno lililokatazwa. Ethiopia, Treis (2005) ameeleza ballishsha ya wanawake wa Kikambaata, ambao huepuka maneno yanayoanza kwa silabi ya kwanza ya majina ya wakwe. Katika mifano hii yote kanuni ni ya kisauti, ilhali sababu ni ya kijamii. Maana ya neno linaloepukwa haina hatia yoyote. Kosa lake ni kufanana.

6.0 Ulinganishi

Kwa kigezo cha hiari, ingamwana inasimama upande wa Ide na Matsumoto. Mke anayeepuka neno la moto hatishii uso wa yeyote, wala haombi kitu. Baba mkwe huenda yuko shambani, na pengine hatasikia kamwe. Hakuna hesabu ya umbali na uzito wa tendo. Kuna nafasi ya mtu katika ukoo na kauli inayoipasa. Data za Rungwe zinaunga mkono hoja kwamba staha ya wajibu si upekee wa Asia ya Mashariki.

Hata hivyo, mifumo hii miwili inatofautiana katika mambo matatu. Jambo la kwanza ni mhimili. Keigo ina mhimili wa mzungumziwa na wa mtajwa. Ingamwana haimhusu mzungumziwa, na kwa maana kamili haimhusu mtajwa pia, kwa kuwa anayeomba moto hamtaji baba mkwe hata kidogo. Haimhitaji wala msikilizaji wa kando, kwa sababu hudumu hata asipokuwapo. Anayeheshimiwa hayumo katika tukio la usemi. Yumo katika umbo la neno. Mihimili mitatu ya Comrie haitoshi, na inafaa kuongezwa wa nne: mhimili wa mwenye jina, ambamo heshima huchochewa na mfanano wa sauti badala ya kuwapo kwa mtu au kusemwa kwake.

Jambo la pili ni uhusianifu. Mfanyakazi wa Kijapani humpandisha meneja saa tatu na kumshusha saa nne, kwa kutegemea aliye upande wa pili wa simu. Ingamwana ni heshima mutlaki: jina halitamkwi mbele ya mume, mbele ya mgeni, wala mbele ya karani. Ndiyo maana ofisi huwa mahali pa mgongano. Mfumo husianifu una mlango wa kumpokea mtu wa nje; mfumo mutlaki hauna.

Jambo la tatu ni mgawanyo wa gharama. Keigo humdai kila mzungumzaji, ingawa haiwadai wote sawasawa, na anayeimudu hupata sifa inayomfuata kazini. Katika ingamwana kujiepusha kwa mwili kunaweza kuwa kwa pande mbili, lakini kazi ya ulimi ni ya mke peke yake. Mume husema moto. Watoto husema moto. Anayefika ukooni kutoka nje ndiye anayejifunza upya lugha aliyoizaliwa nayo. Ni kweli kwamba kazi hiyo humpa ujuzi: anakuwa hodari wa visawe na mafumbo. Lakini ujuzi unaotokana na katazo usihesabiwe kuwa hiari.

7.0 Ingamwana, Kiswahili na Fomu ya Majina Matatu

Kiswahili kimeingia katika uhusiano huu kwa njia mbili zinazopingana. Kwa upande mmoja kinatoa mwanya. Neno la Kinyakyusa lililokatazwa linaweza kuachwa na la Kiswahili likasemwa bila kukwepa wala kufumba, mradi sauti zake hazifanani na jina. Kazi iliyofanywa na vidoko kwa wanawake wa Kinguni inaweza kufanywa hapa na lugha ya taifa. Kwa sababu hiyo mtafiti wa uazimaji wa msamiati katika Kinyakyusa hapaswi kuridhika na sababu za kawaida za hadhi, shule na biashara. Baadhi ya maneno huenda yalibishiwa hodi na wake kabla ya kufunguliwa mlango na ukoo mzima.

Kwa upande mwingine, Kiswahili ndicho kilicholeta mahali ambapo jina sharti litamkwe. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin walifika Rungwe mwaka 1891. Kanisa na shule vikawaweka wakwe chini ya paa moja na majina yao katika rejesta moja. Utawala uliofuata ukataka majina matatu. Kwa kuwa jina la tatu la mtoto mara nyingi ni la babu yake mzaa baba au la ukoo wake, nyaraka za taifa zimeliweka katazo la mke katikati ya utambulisho wa mwanawe.

Utamaduni wa Waswahili wenyewe hauko mbali na desturi hii kama inavyodhaniwa. Kumwita mume Baba Fulani na mke Mama Fulani, kwa jina la mtoto, ni namna ya kulizunguka jina la mtu kwa heshima. Tofauti ni ya kiwango: Kiswahili hulizunguka jina pekee, nacho humwachia mzungumzaji alitaje panapobidi. Mtanzania anayemshangaa mke wa Kinyakyusa kwa kutotamka jina la mkwe anaweza kujiuliza ni mara ngapi amemsikia mama yake mzazi akimwita baba yake kwa jina lake halisi.

Kutokana na hayo, ukimya mbele ya karani, muuguzi au hakimu haupaswi kutafsiriwa haraka kuwa kutojua au kuficha. Mkalimani wa mahakamani anayejua sarufi ya lugha zote mbili lakini hajui ingamwana atatafsiri kila neno na kuukosa ujumbe. Suluhisho la kiutendaji ni dogo: jina liandikwe badala ya kutamkwa, au aulizwe mtu mwingine wa nyumba hiyo. Linahitaji tu anayeuliza ajue kwamba kuna sababu ya kufanya hivyo.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba Nyanda za Juu Kusini zina angalau mifumo miwili ya staha: wingi wa heshima, unaomwelekea mzungumziwa, na ingamwana, inayomwelekea mwenye jina asiyekuwapo. Mfumo wa pili unaungana na keigo katika kuipinga dhana ya staha kama mkakati, lakini unaachana nayo kwa kuwa mutlaki na kwa kuuweka mzigo wote juu ya mtu mmoja. Pendekezo la mhimili wa nne linahitaji kupimwa kwa data za Kindali, Kisafwa, Kihehe na Kibena, kwa kuwa haifai kudhani kwamba lugha jirani zina desturi ileile.

Data hizo zina muda. Desturi inayoishi katika ulimi wa mke na kujulikana kwa kutosikika haiachi alama katika maandishi, na kamusi haiwezi kuorodhesha neno ambalo kila nyumba ina lake. Wanaoweza kuieleza ni wanawake waliozeeka wakiitumia. Mtafiti atakayekwenda kwao ajiandae kwa ugumu wa pekee wa kazi hii: swali la kwanza la hojaji, linaloomba mfano wa neno lililokatazwa, ndilo ambalo mhojiwa mwenye heshima hataweza kulijibu.